Mchanga Kwenye Tangi

Gazeti la asubuhi lilikuwa kwenye kiti cha dereva, na Inspekta aliingia garini akalikalia bila kulisogeza. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya mpelelezi mwenzake, yule ambaye kituo kizima kilimwita Nyota, amesimama mbele ya duka la vito lililovunjwa, kidevu juu, utadhani yeye ndiye mwenye duka. Kesi ya vito alipewa Nyota. Inspekta alipewa katapila.

Mkuu wa kituo alimfuata hadi dirishani.

"Leo ndiyo mwisho," alisema. "Dereva wa hilo katapila yuko mahabusu. Ufunguo ulikuwa kwake, na stoo anamolala iko pembeni ya mashine. Unataka nini tena? Jioni niletee kitu cha kueleweka, la sivyo kesho anapanda kizimbani."

"Akipanda kizimbani hakuna mtu atakayempa mashine tena maisha yake yote."

"Basi atafute kazi nyingine. Umeiona picha ya Nyota?"

"Nimeikalia," Inspekta alisema, akawasha gari.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Mwanamke mmoja mwenye shamba alinunua katapila la kuchimbia, kuukuu, ili achimbe bwawa na mifereji kabla ya mvua. Katapila likafanya kazi vizuri, bwawa likafika nusu. Asubuhi moja lilipowashwa likaanza kulia kama mbwa aliyefungiwa nje, mkono ukachoka, ukashuka, haukuinuka tena. Mtaalamu wa karakana ya serikali alifungua kizibo cha chini cha tangi la haidroliki, ile oili inayousukuma mkono wa katapila, akakuta mchanga. Mchanga haupandi tangini wenyewe. Dereva akachukuliwa siku hiyo hiyo.

Mama Shamba alikuwa barazani, mikono kiunoni. Shamba alilirithi kwa baba yake, na hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Mumewe alikuwa na gereji mjini, naye hakuna aliyemwita ila Fundi. Alikuwa ndani ya ovaroli ya buluu. Alipomwona Inspekta anatafuta pa kukaa, alichomoa kitambaa chekundu mfuko wa nyuma, akafuta benchi, akakirudisha.

"Karibu, afande. Vumbi la huku halina adabu."

"Asante. Nimekuja kurudia maswali."

"Rudia tu," Mama Shamba alisema. "Mimi nimeshakuwa kasuku."

"Nani alilichagua katapila?"

Mama Shamba alimtazama mumewe, kisha akatazama upande wa bwawa. "Mikono."

Mikono ndiye dereva aliyekuwa mahabusu. Jina hilo alipewa kwa jinsi alivyojua kuvichezea vishikio vya mashine. Watu walisema angeweza kuokota yai kwa bakuli lile la chuma na yai lisipate ufa.

"Mlichaguaje?"

"Tulizunguka yadi zote. Mimi ningenunua la kwanza, limepakwa rangi mpya, linameremeta. Mikono akaniambia, mama, rangi haichimbi. Akalitikisa bakuli, likacheza kama jino bovu. Pini zimelika zote. La pili liliwaka vizuri sana, lakini Mikono alikuwa ameshaweka kiganja kwenye injini kabla halijawashwa, akaikuta ina moto. Walikuwa wameiamsha mapema ili isitukoholee mbele yetu. Akasema twende zetu. Hili akalikuta baridi. Likawaka mara moja, moshi ukakata. Akalizungusha huku na huku, akakagua minyororo, akanusa oili. Akaniambia, mama, hili lina umri lakini halina ugonjwa."

Maneno hayo ya mwisho aliyasema kwa ulaini wa mtu aliyekwisha kuwasimulia wageni wengi. Fundi alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Na wewe, Fundi? Hukwenda nao?"

"Sikuitwa."

"Ungeitwa ungekwenda?"

"Mtu hajialiki kwenye safari ya watu, afande."

"Watu gani?" Mama Shamba alimgeukia. "Mimi ni watu?"

"Mnaondoka asubuhi, mnarudi jioni mnacheka. Niwaite nini?"

"Tulikuwa tunawacheka madalali, baba watoto. Umeshaambiwa."

Inspekta aliwaacha wamalize kutazamana. Mume mwenye wivu lilikuwa jambo la kutiwa akilini, lakini wivu wa namna ile huwa unamtafuta mwanamume mwenzake, hauendi kutafuta tangi la oili.

"Tangu katapila lifike hapa, umeligusa?" alimuuliza.

"Hata kwa kidole. Nilisema siku ya kwanza, aliyelichagua alihudumie. Muulize yeyote."

"Ni kweli," Mama Shamba alisema. "Hata grisi alikataa kunipakia. Nikadhani ana homa."

"Mfuniko wa tangi unafunguliwa kwa ufunguo wa katapila. Ufunguo wa akiba uko wapi?"

"Jikoni, msumarini. Haujatoka hapo."

"Usiku ule mlikuwa nani ndani?"

"Mimi na huyu. Watoto wako shule ya bweni. Na mimi nikilala ni gogo, hata ukinihamisha."

Katapila lilikuwa limesimama ukingoni mwa bwawa, mkono umelala chini. Konstebo alikuwa amekaa kwenye kivuli chake na kofia magotini.

"Kuna mtu amepanda?"

"Hakuna, afande. Hata yule mtaalamu alitolea oili huku chini, juu hakupanda kabisa."

Inspekta alipanda. Vumbi lilikuwa kila mahali, limeshikana na grisi. Alianza na mfuniko wa dizeli, ule ambao Mikono aliufungua kila asubuhi. Ulikuwa na matope yaliyokauka, na juu yake michirizi ya vidole vyenye mafuta. Akahamia upande wa pili, kwenye tangi la haidroliki. Juu ya tangi vumbi lilikuwa zito, ungeweza kuandika jina lako. Kuzunguka mfuniko, hata hivyo, palikuwa na duara la upana wa sahani ambapo rangi ya njano ilionekana. Vumbi la siku chache lilikuwa limeanza kurudi, jembamba. Alipuliza. Chini yake palikuwa safi hadi ndani ya kijifereji cha mfuniko.

"Konstebo, piga picha hapa. Karibu zaidi. Halafu nijibu swali. Ukitaka kutia mchanga kwenye sufuria ya mtu, utaanza kwa kufuta mfuniko?"

Konstebo alifikiri. "Nifute kwa nini, afande? Si naharibu?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Labda alikuwa anafuta alama za vidole."

"Anayefuta alama hufuta alipogusa. Huyu amefuta pembeni, mahali asipogusa. Alipogusa kapaacha, mafuta yametapakaa, alama hazisomeki."

Konstebo alipiga picha nyingine, kwa usalama tu.

Kwenye uzio wa mpaka palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda mzee mmoja mnene, mfugaji wa ng'ombe wa shamba la pili. Alikuwa ametazama shughuli yote bila kujificha.

"Wewe ndiye jirani unayekaa hapa kila siku?" Inspekta alimuuliza.

"Mpaka ni wangu. Nakaa."

"Unaangalia nini?"

"Naona wivu," jirani alisema, kama mtu anayetaja kazi yake. "Katapila hili hili nilikuwa nalitaka mimi. Nimefika yadi nakuta pengo. Sasa nakaa hapa namwona mwenzangu anachimbiwa bwawa, na ng'ombe wangu wanakunywa kwa ndoo. Ungekuwa wewe ungelala usingizi?"

Inspekta aliusogelea uzio.

"Nasikia una bekoo bovu, trekta la kuchimbia la kampuni hii hii. Ufunguo wake unafungua na hili."

"Funguo zao zote ni moja, kila mtu anajua."

"Basi ungeweza kulifungua tangi la haidroliki."

"Ningeweza."

"Twende ukanioneshe."

Jirani alipita kwenye uwazi wa uzio, akalizunguka katapila taratibu, akasimama, akapiga kofi tangi la dizeli. "Hili."

Konstebo alikohoa.

"Hilo ni la dizeli, mzee," Inspekta alisema.

"Kwani si vyote vinakwenda kwenye injini?"

"Bekoo lako lilikufaje?"

"Liliacha tu kuinua. Na oili nililiwekea."

"Oili ipi?"

"Ya breki. Ilikuwa imebaki."

Inspekta aligeuka kidogo, akaangalia bwawa hadi uso wake ulipotulia. Kisha akamwonesha chini, kwenye udongo uliokauka karibu na uzio. Palikuwa na nyayo za viatu viwili tofauti, zimekwenda bega kwa bega kuelekea shamba la pili. Asubuhi ya tukio konstebo alikuwa amezifunika kwa makarai. "Hizi kubwa ni zako. Hizi nyingine ni za Mikono. Mlikwenda wapi usiku ule?"

Jirani alishusha sauti. "Mama Shamba hasikii?"

"Yuko barazani."

"Katapila nililikosa. Nikasema basi angalau dereva. Nikamwita aje alione bekoo langu, nikamchinjia kuku, nikamwambia kwangu utalala chumbani, hulali stoo. Amekaa kwangu mpaka usiku mkubwa. Kuku kala wote, kazi kaikataa. Eti bwawa la mama liishe kwanza."

"Mbona hakutuambia?"

"Aseme mbele ya Mama Shamba kwamba alikuwa kwangu? Humjui huyo mama. Afadhali mahabusu."

Inspekta alipiga simu kituoni, akamwomba askari wa zamu ampe Mikono.

"Nimeshasema, afande," sauti ya Mikono ilikuwa imechoka. "Nilikuwa stoo, nimelala."

"Jirani anauliza kama kuku alikuwa mtamu."

"Mama amejua?"

"Bado. Ulipokuwa unatoka, nani alikuona?"

"Nilimpita Fundi getini. Nikamwambia nanyoosha miguu. Hakuitikia. Siku hizi haitikii salamu yangu."

"Kwa nini?"

"Sijui, afande. Namheshimu kama kaka yangu. Labda mimi ndiye sijamjua."

Inspekta alikata simu. Katapila lilikuwa peke yake usiku ule, na mtu mmoja alijua hivyo. Lakini Mkuu angeuliza swali moja, nalo lilikuwa la haki. Vipi kama mchanga ulikuwamo tangu yadi? Alilikalia tena gazeti, akaendesha.

Yadi ilikuwa eneo la wazi lenye uzio wa mabati, mashine zimepangwa kwa safu, nyingine nzima, nyingine mifupa. Dalali alikuwa na kiofisi cha mbao na birika la chai. Aliposikia neno mchanga alisimama.

"Hapa kwangu? Afande, mimi nauza vitu vikuukuu, siuzi vitu vibovu. Hilo katapila limekaguliwa na watu wawili wanaojua kazi, na oili wameinusa wote wawili. Ingekuwa na hata punje wangelikimbia."

"Watu wawili? Mama Shamba na dereva wake?"

"Mama alikuwa anauliza tu. Nasema dereva, na yule wa kwanza."

Inspekta alikaa. "Niambie ya wa kwanza."

"Alikuja kama wiki moja kabla yao. Peke yake, kimya, ovaroli ya buluu. Alizunguka mashine zangu zote, hili akalirudia. Kaweka kiganja kwenye injini kabla sijawasha. Kalitikisa bakuli. Kalala chini kuangalia minyororo. Yule dereva alipokuja akafanya hivyo hivyo, ungesema wamefundishwa na mwalimu mmoja. Tofauti yao ni usafi. Dereva aling'oa mfuniko kavu kavu, akaingiza pua. Yule wa kwanza alitoa kwanza kitambaa chekundu mfukoni, akafuta mfuniko pande zote, pole pole, kama anamfuta mtoto mdomo. Ndipo akafungua."

"Akasemaje?"

"Akasema, niwekee hili, nitamleta mama watoto aje alione. Uso wote unacheka."

"Ukamwekea?"

"Afande, yadi si kabati. Mama akaja na pesa zake, nikauza. Yule bwana aliporudi nikamwambia limechukuliwa na mwanamke mmoja anayechimba bwawa, ana dereva anaitwa Mikono. Alisimama pale mlangoni mpaka chai yangu ikapoa. Nikamwambia mashine ziko nyingi, chagua nyingine. Akaniambia, nimeshachagua."

"Ukimwona utamjua?"

"Hata kwa mgongo. Ndio alionionesha muda mrefu."

Jioni ilikuwa inakaribia Inspekta alipowakusanya ukingoni mwa bwawa. Mikono aliletwa na gari la kituo, pingu mikononi, ndevu zimeota ovyo. Mama Shamba alimtazama mara moja, akatazama pembeni. Jirani alikuwa amehamisha kigoda chake karibu zaidi bila kualikwa. Fundi alisimama nyuma ya wote.

"Nataka kuangalia ndani ya tangi," Inspekta alisema. Alikuwa juu ya katapila, ufunguo mkononi. Picha zilikuwa zimeshapigwa, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi wa kupachafua. Alivuta buti lake lenye udongo juu ya bati, udongo ukamwagika hadi kwenye mfuniko. Akaingiza ufunguo, akaanza kuuzungusha mfuniko.

"Futa kwanza," Fundi alisema.

"Nifute nini?"

"Hapo pembeni. Vumbi litaingia kwenye…"

Wote waligeuka kumtazama.

"Vumbi," Inspekta alisema. "Humu ndani kuna mchanga wa kujengea, Fundi, na wewe unaogopa vumbi."

"Ni mazoea tu. Fundi yeyote angesema hivyo."

"Kweli kabisa. Fundi yeyote. Kwa hiyo si jirani, ambaye hata mdomo wa tangi haujui." Alinyoosha kidole upande wa pili. "Wala si Mikono. Njooni mtazame mfuniko wa dizeli anaoufungua kila siku. Una matope ya tangu mashine ifike." Mikono aliinama, na hata katika hali ile Mama Shamba alimtupia jicho baya. "Mtu aliyetia mchanga alisimama hapa gizani na ndoo mkononi. Amekuja kuharibu. Lakini kabla hajafungua alitoa kitambaa akafuta, kwa sababu mkono wake haujawahi kufungua tangi chafu tangu ajifunze kazi. Mkono ulifuta wenyewe. Yeye hana habari."

Mkono wa Fundi ulikuwa mfuko wa nyuma. Aliutoa.

"Mafundi wako wengi, afande."

"Wako wengi. Aliyepishana na Mikono getini usiku ule akajua katapila liko peke yake ni mmoja. Na aliyekwenda yadini kulikagua katapila hili kabla ya mama hajaliona, kwa kitambaa chekundu, ni mmoja. Dalali yuko tayari kuja kumtambua."

"Yadi gani?" Mama Shamba aliuliza. "Kabla yangu vipi?" Alimgeukia mumewe. "Ulikwenda yadi?"

Konstebo alisogea upande wa Fundi bila kuambiwa.

"Nilikwenda," Fundi alisema mwishowe.

"Kufanya nini?"

"Kukuchagulia."

Jirani alisahau kigoda chake, akabaki wima.

"Nilifunga gereji nikazunguka yadi zote," Fundi alisema. "Nikaliona hili. Nikasema nitakuleta, nitakuwashia, utaliona mwenyewe. Niliporudi nikaambiwa limeuzwa. Nafika nyumbani nalikuta hapa, watu wamelizunguka, wanampa Mikono mkono. Kila mgeni akija, unamwambia bila Mikono ningeuziwa chuma chakavu. Lina umri lakini halina ugonjwa. Nimeyasikia hayo maneno mpaka chakula kinanikaba. Nililiona mimi kwanza."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba na mimi nililichagua lile lile? Nani angeamini? Ningekuwa kama mtoto anayedai goli mechi imeisha."

"Mimi ningeamini."

"Ulikuwa huniamini hata kuniuliza. Mke wa fundi anakwenda kununua mashine na dereva. Mjini wananiuliza, Fundi, kwani mmekosana? Ungeniuliza tu. Swali moja."

"Nilikuwa nakuuliza," Mama Shamba alisema. "Nilipokuuliza habari za trekta ulinicheka mbele ya vijana wako wa gereji. Nilipokuuliza habari za pampu ukaniambia mwanamke na pampu wapi na wapi. Wakacheka wote. Mikono nikimuuliza ananijibu. Hicho tu ndicho alichokuzidi wewe, ananijibu."

"Ulijua kwamba Mikono yuko ndani kwa sababu yako," Inspekta alisema.

"Nilitaka lionekane bovu. Watu waseme hajui kuchagua. Mambo ya mahabusu sikuyafikiria."

"Na alipokwisha kupelekwa?"

"Nimeyafikiria kila siku."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, afande. Nilitaka akae huko kidogo. Nisiseme uongo."

Inspekta aliteremka. Alimfungua Mikono pingu mwenyewe, akampa konstebo amvalishe Fundi. Mikono alisugua viganja, akapanda taratibu juu ya katapila, akachungulia tangini. Kisha akamwambia Mama Shamba kwamba pampu imekwisha na mabomba yote itabidi yaoshwe, na kwamba usiku ule alikuwa kwa jirani, anakula kuku, na kazi aliikataa.

"Nimeshakusikia," Mama Shamba alisema bila kumtazama. "Kesho tutagombana."

Simu ya Inspekta ilikuwa inalia, Mkuu bila shaka. Aliiacha ilie. Konstebo alikuwa ameshamfikisha Fundi mlangoni mwa gari, na Inspekta alilitoa gazeti kitini kwake akalitupa sakafuni, akamwonesha Fundi kiti cha pembeni.

Mama Shamba alikuja nyuma yao, kanga ameikaza kiunoni.

"Swali gani?" aliuliza.

"Lipi?" Fundi alisema.

"Hilo moja. Ulilotaka nikuulize."

Fundi alifikiri. "Kama ni zuri."

Mama Shamba aligeuka akalitazama katapila, mkono wake wa chuma umelala kwenye udongo wa bwawa ambalo halijaisha. Kisha akamgeukia mumewe, akamtazama usoni.

"Baba watoto," alisema, "ni zuri?"

Mkono wa Fundi ulitaka kwenda mfuko wa nyuma, pingu zikauzuia.

"Lilikuwa zuri," alisema.